Binti Aliyeozwa kwa Amri ya Mfalme: Riwaya za Mapenzi na Uskoti Zisiyoisimulia

Anayezifahamu riwaya za mapenzi zinazohusu Uskoti ya kale hahitaji kusoma zaidi ya kurasa ishirini ili kuitambua njia itakayofuatwa. Mfalme anatoa amri. Binti wa Kiingereza, mwenye akili na ulimi mkali, anaozwa kwa mkuu wa ukoo wa Nyanda za Juu, mtu wa vita asiye na maneno mengi. Wanachukiana, wanasafiri, wanavamiwa, wanapendana. The Bride ya Mmarekani Julie Garwood, iliyotoka mwaka 1989, ni mfano kamili wa mtindo huo. Outlander ya Diana Gabaldon, ya mwaka 1991, inaugeuza kidogo, kwa kuwa Claire anaolewa na Jamie Fraser ili aponyoke mikononi mwa kapteni wa jeshi la Kiingereza. Lakini mhimili ni uleule: ndoa kwanza, mapenzi baadaye.

Sina nia ya kuzibeza riwaya hizi. Wanaozisoma, wakiwamo baadhi ya wanafunzi wangu, hawadanganyiki kuwa wanasoma kumbukumbu za Bunge. Ninachokihoji ni kimoja. Ndani ya riwaya hizi shuruti ni mlango tu wa kuingilia katika mapenzi. Kiswahili kina bahati ya kutofautisha kuolewa na kuozwa. Riwaya hizi huanza na binti anayeozwa na humaliza na mke ambaye, laiti angeulizwa tangu mwanzo, angejibu ndiyo. Kwa hiyo aliyemshurutisha anatoka akiwa safi. Mfalme alijua. Baba alijua. Hilo ni dai la kisiasa, hata likivikwa shela.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ya Uskoti, katika maandishi yake, iliipa ridhaa uzito mkubwa kuliko riwaya zinavyodhani. Kanisa la Magharibi lilikwisha kuamua tangu karne ya 12 kwamba kinachofunga ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe. Matengenezo ya dini ya mwaka 1560 yaliondoa mamlaka ya Papa, lakini kanuni hiyo ilibaki. Mwanamume na mwanamke waliotamkiana kwamba sasa wanachukuana kuwa mume na mke walikuwa wameoana, awe amekuwapo mchungaji au hakuwapo, awe baba ameridhia au amekasirika. Uingereza ilipopitisha sheria ya mwaka 1753 iliyowataka vijana walio chini ya miaka 21 kupata idhini ya wazazi, sheria hiyo haikuvuka mpaka, na ndiyo maana wapenzi wa Kiingereza walikimbilia kijiji cha Gretna Green. Ndoa za namna hiyo zilikoma kufungwa kisheria mwaka 1940 tu.

Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 12 na mvulana akiwa na 14, na haikubadilishwa hadi mwaka 1929. Ridhaa ya mtoto wa miaka 12 anayelelewa ndani ya ngome ya mtu anayeitaka ardhi yake ni ridhaa ya aina gani?

Hapo ndipo anapoingia Muriel Calder. Chini ya ukabaila wa Uskoti, aliyepewa ardhi kwa sharti la utumishi wa kijeshi akifariki na kuacha mrithi mdogo, bwana wake alitwaa usimamizi wa ardhi ile pamoja na haki ya kuamua ndoa ya mrithi huyo. Haki hiyo ilikuwa mali. Iliweza kugawiwa kama zawadi, na iliweza kuuzwa. Muriel, mrithi wa Cawdor karibu na Nairn, alizaliwa mwaka 1498 baada ya baba yake kufa, na ulezi wake ukaangukia kwa Campbell, Earl wa Argyll. Mwaka uliofuata watu wa Campbell walikwenda kumchukua kwa nguvu. Simulizi za koo hizo zinadai kwamba ndugu zake walimtia alama ya moto kwa ufunguo ili asije akabadilishwa, na kwamba mzee aliyeongoza msafara alipoulizwa itakuwaje mtoto akifa njiani, alijibu kuwa hatakufa kamwe maadamu kuna msichana mwenye nywele nyekundu kandokando ya ziwa Awe. Simulizi ni simulizi. Lakini jibu lile, liwe lilitamkwa au lilitungwa, linaeleza mfumo mzima: kilichohitajika ni jina na ardhi iliyofungamana nalo, na mtoto yeyote angefaa. Mwaka 1510 Muriel aliozwa kwa John Campbell, mwana wa Earl huyo. Campbell wa Cawdor wangali na cheo hadi leo. Bunge lilikuja kuifuta haki ile ya ulezi na ndoa baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, na halikusukumwa na huruma kwa mabinti. Lilitaka kuvunja nguvu za mabwana wa Uskoti.

Ndoa za kifalme ninazipita haraka kwa kuwa zinajulikana. Margaret Tudor aliletwa kwa James IV mwaka 1503 akiwa na miaka 13, kutia muhuri mkataba ulioitwa wa amani ya kudumu; miaka kumi baadaye mumewe aliuawa Flodden na majeshi ya ndugu yake mwenyewe Margaret. Mary Stuart alikuwa hajatimiza mwaka mmoja alipoahidiwa kwa mwana wa Henry VIII mwaka 1543, na Waskoti walipoikataa posa hiyo, Uingereza ikavichoma vijiji na miji yao.

Kisa ninachokiona kizito kuliko vyote hakina mfalme ndani yake. Janet Dalrymple alikuwa binti wa James Dalrymple, mwanasheria ambaye baadaye alipata cheo cha Viscount Stair. Inasimuliwa kwamba aliahidiana kwa siri na Lord Rutherford, na kwamba wazazi, hasa mama, walimkataa kijana huyo na kumtaka David Dunbar wa Baldoon. Kwa masimulizi aliyoyaandika Walter Scott, mama aliegemea sura ya 30 ya kitabu cha Hesabu, inayosema kwamba nadhiri ya binti aliye nyumbani kwa baba yake hubatilika baba akiikataza. Janet aliolewa na Dunbar Agosti 1669. Septemba alikuwa amekufa. Watu walisema mengi kuhusu usiku wa harusi: kwamba bibi arusi alimchoma mumewe kisu, kwamba mume ndiye aliyechoma, kwamba shetani aliingilia. Scott aliitumia habari hiyo kutunga The Bride of Lammermoor mwaka 1819, na Donizetti akaigeuza opera mwaka 1835.

Kinachonisumbua mimi si kisu. Mwaka 1681, miaka kumi na miwili baada ya kumzika Janet, baba yake alichapisha kitabu kikuu cha sheria za Uskoti, ambacho mawakili wa nchi hiyo wangali wanakinukuu. Humo alieleza kwamba ndoa hujengwa juu ya ridhaa ya sasa ya wanaooana. Mtu yuleyule! Sidhani alikuwa mnafiki kwa maana ya kawaida. Alikuwa mtumishi wa dola aliyeijua kanuni vizuri, na nyumbani kwake kulikuwa na maslahi. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya ataelewa, nadhani, jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kukaa meza moja kwa miaka mingi bila kusalimiana.

Riwaya zina makosa mengine ambayo siyahesabu sana. Wakuu wa koo wa mwaka 1100 huvalishwa shuka kubwa la Kiskoti la kukunjwa kiunoni, vazi ambalo ushahidi wake unaanza mwishoni mwa karne ya 16. Ile ndoa ya majaribio ya mwaka mmoja na siku moja nayo inapendwa mno na waandishi, wakati mwanasheria A. E. Anton alikwisha kuonyesha mwaka 1958 kwamba neno linalotumiwa kuitaja lilikuwa na maana ya uchumba tu. Ingawa ni kweli pia kwamba Sheria za Iona za mwaka 1609 zilipiga marufuku ndoa za muda katika visiwa, na huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakuna anayekihofia. Kosa kubwa zaidi ni kuisahau mikataba. Mahari huko ilitoka upande wa binti, na katika Nyanda za Juu mara nyingi ilihesabiwa kwa ng'ombe. Mjane alistahili kufaidi theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe maisha yake yote. Mke alibaki na jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Wanawake wa tabaka hilo walijua kusoma hesabu za ndoa zao, na baadhi yao walishitaki.

Kuna ndoa moja ambayo ingefaa kabisa kuwa riwaya, isipokuwa kwamba nafasi za mume na mke zimebadilishana. Elizabeth, mrithi wa Sutherland, aliachwa yatima mwaka 1766 akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1785 aliolewa na bwana wa Kiingereza, George Leveson-Gower, ambaye baadaye alirithi mapato makubwa ya mfereji wa Bridgewater. Mke alikuwa na ardhi kubwa isiyo na fedha. Mume alikuwa na fedha. Riwaya ingefungwa hapo, kwa ngoma na mishumaa. Lakini kati ya mwaka 1811 na 1821 mali hizo mbili zilizounganishwa zilitumika kuwaondoa maelfu ya wakulima katika mabonde ya Sutherland ili kondoo wapate malisho. Wakulima walisukumwa pwani wakavue samaki, wengine wakavuka bahari. Mwaka 1814 nyumba za Strathnaver zilichomwa. Wakala Patrick Sellar alishitakiwa kwa vifo vilivyotokea, na mwaka 1816 baraza la wazee wa mahakama huko Inverness likamwachia huru.

Mwaka 1822, Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe. Aliwavisha wakuu wa koo mavazi ya Nyanda za Juu, na mfalme mwenyewe akavaa. Sehemu kubwa ya Uskoti ya riwaya ilishonwa katika wiki zile, wakati mabonde ya Sutherland yalikuwa yamekwisha kuwa ya kondoo. George Leveson-Gower alifanywa Duke wa Sutherland mwaka 1833 na akafa mwaka huohuo. Sanamu yake ingali imesimama juu ya kilima cha Ben Bhraggie, na kutoka Golspie, chini kabisa, inaonekana.