Maradhi Yaliyoletwa na Kalamu

Madabodi iliyokatikiwa umeme katikati ya kusasishwa BIOS (programu ya kuanzishia kompyuta) huitwa mfu, lakini maradhi hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Kompyuta ya IBM PC ya 1981 haikuweza kuugua hivyo, kwa kuwa BIOS yake ilikaa katika chipu zisizoandikika upya. Chipu za EPROM nazo, ili ziandikwe upya, zilitaka kumulikwa kwanza kwa miale ya urujuanimno. Ni kumbukumbu ya flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, iliyompa mtumiaji kalamu, na kalamu ikageuzwa silaha: tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH vilifuta BIOS za kompyuta nyingi.

Atakayesema kwamba ingefaa chipu zibaki zimefungwa anasahau kuwa prosesa mpya na diski kubwa zilidai marekebisho, na kubadilisha chipu kila mara ni gharama. Jibu la busara lilikuwa kufunga kipande kidogo tu cha kuanzishia, kisichoguswa na usasishaji, kinachoweza kusoma faili ya BIOS kutoka kwenye flopi, mara nyingi kioo kikiwa cheusi tii na fundi akitegea sikio milio. Kampuni ya Gigabyte iliongeza chipu ya pili ya akiba. Pasipokuwa na hayo, mafundi waliwasha madabodi nzima ya aina ileile, wakachomoa chipu yake umeme ukiwa unapita (kazi ya roho mkononi, kwa kweli), wakachomeka iliyoharibika na kuiandika upya. Iliwezekana kwa sababu mashine iliyokwisha kuwaka ilikuwa inaendeshwa na programu zilizomo ndani ya RAM.