MNYAA: Ua wa Kijani Uliolinda Vijiji vya Unyamwezi, na Maziwa Yake Yanayopofusha

Kama unapenda kuangalia picha za mapambo ya nyumba mtandaoni, lazima umeshauona huu mmea. Mrefu, wa kijani, majani hayaonekani kabisa, ni vijiti vitupu vyembamba kama penseli. Unakaa kwenye chungu cheupe pembeni ya sofa, mwenye nyumba anapiga picha, sifa zinamiminika.

Sasa sikia. Huyo "mgeni" wa sebuleni ni mnyaa. Ni mti ule ule ambao bibi yako kijijini anaujua tangu utotoni, na ambao angekukataza kuuvunja ovyo. Mjini ni ua la kupamba. Unyamwezi ulikuwa ua wa kulinda roho za watu.

Ukuta usiohitaji fundi

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dar, kabla hujaingia Tabora mjini unapita Igalula, wilaya ya Uyui. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini ukanda huu ulikuwa na shughuli nyingi zamani kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikielekea Tabora, na mbele zaidi Ujiji, ilipita huku, ikiingilia Unyamwezi kupitia Tura. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe, walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na shanga kurudi bara. Majina ya wazungu waliopita yako vitabuni. Ya wale waliobeba mizigo yao, mengi hayako.

Mwingereza Richard Burton alifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, Novemba 1857. Kutoka pwani alitumia miezi zaidi ya minne. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1860 anaeleza jinsi vijiji vya Unyamwezi vilivyojificha nyuma ya kuta nzito za kijani, matawi yake yamesukana kiasi kwamba huwezi kupenya. Kuta hizo zilikuwa minyaa.

Kwa nini mnyaa? Kwanza, hauna gharama. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika lenyewe. Pili, ukame hauusumbui, na Tabora kiangazi chake kinajulikana. Tatu, ng'ombe na mbuzi hawana hamu nao. Ukiupanda kwa kubananisha, baada ya miaka michache una ukuta hai unaomzidi mtu mzima kimo.

Ya nne ndiyo kubwa. Mnyaa ukikatwa, unajibu.

Maziwa yasiyonyweka

Vunja kijiti kimoja tu, utomvu mweupe unatoka hapo hapo. Watu wanauita maziwa, na jina hilo ndilo linalowaponza watoto. Ukigusa ngozi unawasha na kuibabua. Ukimezwa unaunguza mdomo na tumbo. Ukiingia jichoni ni balaa: maumivu makali, jicho linavimba, kioo cha jicho kinajeruhiwa, na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa. Wengi wanaowahi matibabu wanapona. Anayechelewa anaweza kupoteza uwezo wa kuona moja kwa moja. Utomvu huo huo watu wameutumia kulewesha samaki kwenye mabwawa.

Sasa piga picha mvamizi na panga lake, usiku, anajaribu kufyeka njia kwenye ua wa namna hiyo. Kila pigo linamrushia maziwa usoni. Karne ya 19 haikuwa ya mchezo huku. Mwaka 1871 Mirambo aliingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azunguke kusini. Wakati wakubwa wakipigania njia na pembe, mama wa kijijini alikuwa na swali moja tu: usiku huu watoto watalala salama? Ua wa mnyaa haukuzuia risasi. Ila ulimficha aliye ndani, na ulimchelewesha aliye nje.

Na bei yake ililipwa na wenye ua wenyewe. Mti ule ule uliomzuia adui ndio mtoto alichezea pembeni yake kila siku.

Jina lina nini?

Hapa ndipo utamu ulipo. Sehemu nyingi za bara mti huu unaitwa manyara. Wamasai wanauita emanyara, mmea wa kuzungushia boma, na jina la Ziwa Manyara linaelezwa kuwa limetoka hapo. Ziwa likaipa jina hifadhi, na mwaka 2002 ukazaliwa Mkoa wa Manyara. Yaani kuna mkoa mzima Tanzania unabeba jina la ua wa nyumbani.

Wahindi wa Malabar nao waliuita tirukalli, na "tiru" kwao ni kitu kitukufu. Mwaka 1753 Linnaeus akalichukua jina hilo, ndiyo maana leo kitaalamu unaitwa Euphorbia tirucalli. Wazungu waliouona kwa umbo tu wakauita mti wa penseli.

Umeona tofauti? Aliyeishi nao aliupa jina la kazi na heshima. Aliyeununua dukani akaupa jina la kichezeo.

Maabara nayo ina lake

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya taya iliyokuwa ikiwapata watoto wa Afrika. Baadaye ilihusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria. Watafiti walipoupima utomvu wa mnyaa maabara, walikuta unaweza kukiamsha kirusi hicho kikiwa kimelala. Hiyo haimaanishi kwamba mnyaa ndio unaoleta saratani, hilo halijathibitishwa. Inatosha tu kukufanya usiwaachie watoto wauchezee, na usinywe "dawa" ya maziwa yake kwa sababu mtu kakuambia inatibu kila kitu.

Kwa hiyo ufanye nini?

Ukikata mnyaa, vaa glavu na miwani, na usijifute uso. Maziwa yakiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, angalau dakika 15, kisha nenda hospitali. Usisugue. Usiweke dawa ya kubahatisha. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, hicho chungu kitoe sebuleni leo.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa wakaacha makazi yao ya zamani. Nyumba ya udongo hairudishi miaka mingi bila mtu, inaanguka. Mnyaa unabaki. Ukiona mstari wa minyaa porini, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba, jua hapo palikuwa na mlango, na nyuma yake kulikuwa na familia.

Kwenu mti huu mnauitaje?