Hesabu ya Maria na lenzi ndogo kuliko punje ya chumvi

Aliyewahi kuzibwa jino kwa dawa ile nyeupe anakijua kile kitaa cha bluu. Daktari hukisogeza karibu na jino, akasubiri kidogo, na kilichoingia mdomoni kikiwa laini kama unga uliokandwa kinakuwa kigumu cha kutafunia mahindi ya kuchoma. Mwanga umezifanya molekuli ndogondogo zishikane zikawa polima.

Kwa kuziba jino, hiyo yatosha. Kwa kutengeneza lenzi ndogo sana, haitoshi, maana mwanga wa aina hiyo hugandisha kila unapopita. Huwezi kuufikisha katikati ya tone la dawa laini kama hiyo, yaani utomvu, ugandishe nukta moja tu. Aliyelifungua fundo hilo hata hakuwa akilitafuta.

Mwaka 1930, huko Göttingen, Ujerumani, Maria Göppert-Mayer aliandika tasnifu yake ya udaktari akiwa hajafikisha miaka 25. Alionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na taa duniani yenye nguvu ya kulithibitisha hilo. Akahamia Marekani na mumewe, na kwa miaka mingi akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins bila kupewa uprofesa wala mshahara wake. Hili huniuma kila ninapolisoma. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1963, kwa kazi nyingine kabisa, ya kiini cha atomu.

Leza ilizaliwa mwaka 1960. Mwaka uliofuata, Wolfgang Kaiser na C. G. B. Garrett wa maabara za Bell walimulika fuwele kwa leza nyekundu, nayo ikang'aa bluu. Fotoni mbili nyekundu zilikuwa zimeunganisha nguvu. Hesabu ya Maria ilikuwa sahihi.

Faida yake kwa fundi ni hii: fotoni hukutana mbilimbili pale tu mwanga unapokusanyika zaidi, kwenye ncha ya miale. Kwingine kote utomvu hubaki majimaji. Ukiitembeza ncha hiyo ndani ya tone, unachora umbo kama kwa kalamu, kisha unasuuza kilichobaki.

Mwaka 1997, Shoji Maruo, Osamu Nakamura na Satoshi Kawata wa Japani walionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2001 kundi la Kawata, Osaka, likamchonga fahali mwenye urefu wa maikromita 10, karibu sawa na chembe nyekundu ya damu. Kumchora nukta kwa nukta kulichukua dakika 180. Walipochora ngozi yake tu na kuacha taa ya zebaki igandishe tumbo, leza ilitumia dakika 13.

Kutoka fahali hadi lenzi, kilichobaki kilikuwa ulaini wa uso. Mwaka 2016, Timo Gissibl, Simon Thiele, Alois Herkommer na Harald Giessen wa Chuo Kikuu cha Stuttgart walitangaza lenzi kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikachapwa kwenye ncha ya uzi wa kioo, wa aina inayobeba intaneti kwenye mkongo. Unene wa uzi ni maikromita 125. Unapita ndani ya sindano ya hospitali, ukiwa na lenzi zake mbele.

Wakemia bado wanasaka dawa zinazomeza fotoni mbili kwa wepesi zaidi. Kipimo wanachotumia kulinganisha dawa hizo kinaitwa Göppert-Mayer.