Polio: Kwa Nini Matone na Sindano?

Wiki hii mama mmoja jirani yangu alinisimamisha kizingitini. Mwanawe alikuwa ametoka kliniki, amepewa matone ya polio na kuchomwa sindano ya polio hiyo hiyo. "Kaka, ugonjwa ni mmoja, chanjo mbili za nini? Mara nyingine matone nitayakataa, sindano inatosha." Sikumjibu pale pale. Nimeona nimjibu leo, maana jibu lake ni historia ndefu.

Virusi vya polio viligunduliwa Vienna mwaka 1908 na Karl Landsteiner na Erwin Popper. Kwa miaka mingi baadaye, wakubwa wa sayansi, akiwamo Simon Flexner wa New York, waliamini kwamba virusi hivyo huingilia puani na kushika njia ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1936 Albert Sabin na Peter Olitsky walivikuza maabarani, vikaota katika chembe za mishipa ya fahamu tu. Kumbe aina waliyoitumia ilikuwa imezoeshwa ubongo wa kima!

Mwaka 1949 John Enders na wenzake wawili kule Boston waliviotesha katika chembe za ngozi na misuli. Mwaka 1952 Dorothy Horstmann na David Bodian, kila mmoja kwa upande wake, walivikuta ndani ya damu kabla mgonjwa hajapooza. Hapo njia ikajulikana: mdomo, koo, utumbo, damu, na kwa wachache sana, uti wa mgongo. Katika watoto 200 walioambukizwa, takriban mmoja ndiye hupooza.

Jonas Salk aliviua virusi akavitia katika sindano. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa kwamba sindano hiyo inafaa. Huujaza mwili kingamwili za damuni, adui akanaswa kabla ya kufika kwenye uti wa mgongo. Lakini utumboni ulinzi wake ni hafifu. Sabin naye alividhoofisha virusi bila kuviua, akavifanya matone, yakajaribiwa kwa mamilioni ya watu Urusi ya Kisovieti mwaka 1959. Matone hupita njia ile ile ya adui, na chembe za kinga zilizomo katika ukuta wa utumbo hujifunza kumpiga mlangoni.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Israeli. Tangu mwaka 2005 watoto wa huko walikuwa wakipewa sindano peke yake. Mwaka 2013 virusi vilikutwa katika maji machafu. Hakuna mtoto aliyepooza, damu ililindwa. Lakini matumbo yalikuwa yakivibeba na kuvisambaza. Serikali ikarudisha matone mwezi Agosti.

Matone nayo yana udhaifu wake. Pale watoto wengi wasipochanjwa, virusi vilivyodhoofishwa huweza kuzunguka muda mrefu hadi vikarudiwa na nguvu. Ndiyo maana, ingawa Afrika ilitangazwa mwezi Agosti 2020 kuwa haina tena polio ya asili, kazi haijaisha.

Basi dada yangu, sindano humlinda mwanao asipooze. Matone huulinda utumbo wake, asije akampelekea maradhi mtoto wa jirani. Na jirani mwenyewe, kwa taarifa yako, ni mimi. Usiyakatae.