Mchezo wa Vitisho na Usiku wa Usukumani

Desemba iliyopita mjukuu wangu, ambaye ana kazi yake Dar es Salaam, alikuja kututembelea Bariadi akiwa na boksi zito kuliko begi lake la nguo. Nilidhani ametuletea vyombo. Kumbe ni mchezo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya karatasi ngumu vinavyounganishwa mezani vikawa vyumba na korido za kituo cha polisi, kadi za namna nyingi, dadu, na vinyago vidogo vya plastiki vya watu na vya maiti zinazotembea. Maiti hizo huitwa mazombi. Bibi yake alipoviona alisema havitalala ndani ya nyumba yake, vikapelekwa ghalani juu ya magunia ya choroko, na huko ndiko vilikokuwa vinarudishwa kila usiku.

Mchezo huo unaitwa Resident Evil 2, nao ulitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Uingereza iitwayo Steamforged Games. Asili yake ni mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Kijapani ya Capcom uliotoka mwaka 1998, na huo nao ulitanguliwa na mwingine wa mwaka 1996. Kisa chake ni cha mji wa kubuni wa Marekani, Raccoon City. Kampuni kubwa ya madawa imetengeneza virusi kwa siri, virusi vimetoroka, watu wamegeuka mazombi, na wachache waliosalia wanatafuta njia ya kutoka wakiwa hai, huku risasi zao zikihesabika.

Mjukuu wangu alinieleza na jambo jingine. Katika toleo la tano la mchezo wa kompyuta, la mwaka 2009, mapambano yamehamishiwa Afrika, mahali pa kubuni paitwapo Kijuju. Maadui wa huko wanaitwa Majini, nao hupiga kelele zao kwa Kiswahili. Nikamwuliza Kijuju iko pande zipi. Akasema Afrika Magharibi. Basi mwalimu wa jiografia aliyemo ndani yangu alikasirika kabla ya Mwafrika kupata nafasi ya kukasirika! Picha za mwanzo za toleo hilo zilipoonyeshwa mwaka 2007 zilizusha ubishi mkubwa, kwa kuwa zilionyesha Mzungu akiwapiga risasi watu weusi kijijini. Sitaki kuurudia ubishi huo hapa. Nasema tu kwamba ni jambo geni kwa mzee wa Kisukuma kusikia kwamba vijana wa Osaka na Chicago wamejifunza kuiogopa lugha ambayo yeye alitumia miaka yake yote kuifundisha kwa chaki.

Mimi ni mtu wa isolo, yaani bao letu la Kisukuma, safu nne za mashimo manane manane. Katika isolo mwenzako aliyekaa mbele yako ndiye adui yako, na ukimla kete zake unacheka naye anacheka. Mchezo huu wa mjukuu hauko hivyo. Wachezaji wote, hadi wanne, wako upande mmoja. Hakuna anayemshinda mwenziwe. Kila mmoja ana zamu yenye vitendo vinne: kutembea, kufungua au kufunga mlango, kuokota kitu, kupiga risasi na mengineyo. Kisha mazombi yaliyo karibu husogea, na mwisho inafunuliwa kadi moja kutoka katika rundo ambalo mimi nililiita rundo la mashaka. Kadi nyingine husema pako shwari, nyingine huleta balaa. Rundo likiisha kabla hamjafika mnakokwenda, mmeshindwa. Mmoja wenu akifa, mmeshindwa wote. Ukijeruhiwa, dawa ni majani mabichi yanayookotwa njiani, na hapo bibi yao, aliyekuwa anajifanya hatazami, alisema angalau Wajapani wanajua mitishamba.

Tulicheza usiku wa kwanza mimi, yule mjukuu na wadogo zake wawili. Umeme ulikatika, tukaendelea kwa taa ya sola. Nilikuwa nasogeza kinyago changu kuelekea chumba kilichokuwa na zombi pembeni yake, mlango wa nyuma yangu uko wazi, na mdogo wao alikuwa bado korido ya pili akiwa na majeraha. Wakubwa wakapiga kelele pamoja: "Babu, funga mlango! Funga mlango!"

Nikaushika ule mlango wa karatasi, na mkono wangu ukasita. Walidhani sijaelewa kanuni. Kanuni nilikuwa nimeielewa.

Hapa inanibidi nimrudishe msomaji nyuma. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sisi wa Bariadi, Maswa na Meatu tulikuwa Shinyanga, na jina la Shinyanga lilibeba mzigo mbaya. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilituhamisha kutoka kwenye miji yetu iliyotawanyika, kila mzee na ng'ombe wake na mbuga yake, ikatukusanya mahali pamoja. Watu ambao zamani walitenganishwa na mwendo wa nusu saa sasa walisikiana wakikohoa. Sisemi vijiji vilikuwa vibaya. Shule niliyoiongoza baadaye isingekuwapo bila kijiji. Lakini ukiwaweka watu karibu hivyo, kisha mtoto wa huyu akafa kwa surua na wa yule akapona, maswali huanza. Kwa nini wangu? Nani alipita hapa jana jioni?

Jibu lilikuwa kwa mfumu, yaani mganga mpiga ramli, na mara nyingi jibu lake lilikuwa mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume wa kumsemea. Ushahidi ulikuwa macho mekundu. Miti ilikuwa imekwisha katika sehemu kubwa ya Usukuma, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI kuirudisha. Akina mama walipikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe ndani ya nyumba zisizo na madirisha. Mwanamke aliyekaa miaka 50 katika moshi wa samadi atakosaje macho mekundu? Bibi zetu wote walikuwa nayo. Lakini mtu aliyefiwa hatazami macho ya bibi yake. Hutazama ya jirani.

Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, aliandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, walio wengi wanawake, na kiasi cha theluthi mbili ya matukio hayo yalikuwa Usukumani. Serikali ilijaribu kuyakomesha kwa nguvu. Mwaka 1976 watu wengi walikamatwa Mwanza na Shinyanga, baadhi yao wakateswa na kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Kwa sababu hiyo Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa mkono wake haukuwamo. Watu humsifu kwa kujiuzulu kule, na wana haki. Lakini wauaji wa usiku waliendelea. Walikuja na mapanga, wakalipwa fedha au ng'ombe, wakaenda zao.

Kisha ukaja wizi wa mifugo. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, bidhaa zikaadimika, na wezi wa ng'ombe wakapata ujasiri ambao hatukuwahi kuuona. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, pande za Kahama, watu waliunda sungusungu, jina la wale wadudu weusi wanaouma kwa kundi. Lilienea upesi hadi kwetu. Kila kijiji kilikuwa na ntemi wake wa sungusungu, katibu na makamanda, na kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa na upinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia, unatoka. Hujali mvua, hujali umelala na nani. Kijiji kinapokezana na kijiji kufuata nyayo hadi ng'ombe wapatikane. Asiyetoka hutozwa faini, na akikaidi hususiwa: haazimwi moto, wala haziki mtu wala hazikwi. Polisi walisitasita mwanzoni, lakini Bunge lilibadilisha sheria ya mgambo mwaka 1989 na sungusungu likatambuliwa rasmi.

Ule ulikuwa mchezo wa upande mmoja kweli kweli. Mmoja akiibiwa, wote wameibiwa. Nilitoka usiku na wenzangu mara nyingi, mwalimu mwenye viatu vya raba katikati ya wafugaji, na sijapata tena katika maisha yangu kujisikia mwenye ndugu wengi kiasi kile. Nalisema hili kwa sababu vijana wakisikia sungusungu hufikiria viboko tu.

Tofauti na mchezo wa Steamforged ni kwamba mle ndani zombi ni zombi. Lina kinyago chake, lina kadi yake, hakuna ubishi. Kwetu mwizi alifuatwa kwa nyayo za ng'ombe, na hilo lilikuwa jambo la kuonekana. Lakini katika miaka ile ya mwanzo, mahali pengi, mkutano uleule uliojadili wezi uliendelea ukajadili wachawi, na vikongwe waliitwa mbele ya kundi wajibu tuhuma, wengine wakafukuzwa vijijini. Kundi lilikuwa lilelile, na ule undugu niliousifu sasa hivi ulikuwa uleule.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bariadi. Jirani yangu, hatua labda 80 kutoka mlangoni, alikuwa mjane aliyekuwa akiniletea maziwa ya mgando, naye hakuchukua fedha, alitaka nimsomee barua za binti yake aliyeolewa Geita. Masika ile watoto wawili wa ukoo mmoja walikufa. Maneno yakaanza. Niliyasikia kisimani, niliyasikia kwa wanafunzi wangu mwenyewe. Nilisimama darasani nikafundisha juu ya surua na moshi wa samadi, nikaona nimetimiza wajibu.

Usiku mmoja nilisikia yowe lake. Si filimbi, yowe. Desturi ya Wasukuma, tangu kabla ya sungusungu, ni kwamba yowe likipigwa hutoka mtu na silaha yake. Nilisimama nyuma ya mlango wangu na upinde mkononi nikisubiri kusikia milango mingine ikifunguka. Haikufunguka hata mmoja. Wote tulikuwa tunasubiri kama mimi, au tulikuwa tumejua. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba fulani, hutoki?" Nikamwambia asubiri kidogo. Yowe halikuchukua muda. Nilishusha komeo la pili, nikakaa chini.

Asubuhi kijiji kizima kilikwenda kumzika, nami nikiwamo, na ntemi wa sungusungu akatoa hotuba. Hakuna aliyetozwa faini kwa kutotoka. Hakuna aliyeshtakiwa. Mimi miaka mitatu baadaye nilipandishwa cheo nikawa mwalimu mkuu, shule nyingine, na niliondoka na samani zangu zote katika safari moja ya lori.

Nimesikia watu wakisema mauaji yale yalikuwa ya wajinga. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na cheti changu kilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, upande wa ndani wa mlango ule. Yalipoanza mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa, miaka ya 2007 na 2008, wageni walishangaa kwamba vijiji vizima havikusikia kitu. Sikushangaa.

Usiku ule wa Desemba sikuufunga mlango wa karatasi. Nilirudi korido ya pili nikampa mdogo wao majani niliyokuwa nayo. Zombi likapita, likanifuata, kadi iliyofunuliwa ikawa mbaya, nikafa mimi. Kwa kanuni tukawa tumeshindwa wote. Mkubwa alinung'unika, akasema, "Babu, ungefunga tungeshinda." Alikuwa na haki. Ni hesabu tu, naye huijua hesabu vizuri, nilimfundisha mwenyewe.

Nikawaeleza kwa nini. Sikuwahi kuwaeleza wazazi wao. Bibi yao alisimama mlangoni muda wote akiwa na sufuria mkononi, hakuniongezea wala hakunipunguzia neno. Nilipomaliza mkubwa alianza kukusanya vinyago polepole. Mdogo akaniuliza yule bibi alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia jina lake na la baba yake, kama inavyotajwa kwetu. Hapa siliandiki, maana binti yake wa Geita ana wajukuu, na sijapata kwenda kuwaomba ruhusa.