Pikapu Inayokula Mafuta: Historia ya Ufundi wa Gereji katika Uwanda wa Kati

Uwanda wa kati wa Tanzania, unaoanzia Gairo na Kongwa ukapita Dodoma na Bahi hadi Manyoni na Singida, una mazingira magumu kwa injini ya gari. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Dar es Salaam. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki vumbi hutawala barabara za udongo. Hali hizo, pamoja na umbali wa kilomita zipatazo 450 kutoka bandari yanakoshushwa mafuta, ndizo zilizowafanya mafundi wa eneo hili wajijengee utaratibu wa kutafuta kwa nini gari linakula mafuta, yaani linatumia mafuta kupita kiasi chake cha kawaida.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa miongo mingi mizigo mizito ilisafirishwa kwa treni. Injini ziliingia kwa wingi mwaka 1947, Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga huko Kongwa na kuleta matrekta na malori, mengi yakiwa masalia ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika mwaka huohuo wa kwanza takribani theluthi mbili ya matrekta yalisimama kwa ubovu, na mradi ulipovunjwa mwaka 1951 hasara ilifikia pauni milioni 36 hivi. Udongo mkavu wa Kongwa ulidhihirisha mapema kwamba katika uwanda huu mashine isiyotunzwa haidumu, hata kama mwenye nayo ana fedha nyingi kiasi gani.

Pikapu, gari dogo lenye bodi ya wazi nyuma, lilienea baada ya uhuru kwa sababu lilibeba mahindi, alizeti na zabibu kutoka vijiji ambavyo treni haikuvifikia. Oktoba 1973 mambo mawili yalitokea kwa pamoja: TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na vita vya Mashariki ya Kati vikaanzisha mgogoro wa mafuta uliopandisha bei ya pipa kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Bei ilipopanda tena mwaka 1979, nchi ikiwa imetoka katika vita vya Kagera dhidi ya Uganda, uhaba ulizidi, hata ikapigwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri. Katika miaka hiyo, fundi aliyeweza kupunguza ulaji wa mafuta alithaminiwa kuliko aliyejua kubadilisha vipuri tu, kwa kuwa vipuri vyenyewe havikupatikana.

Ufundi huo ulianzia kwenye plagi, kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda. Fundi alifungua plagi zote, akazipanga kwa mfuatano wa silinda zake, kisha akasoma rangi ya ncha: kahawia hafifu ilionyesha mchanganyiko ulio sawa, masizi meusi makavu yalionyesha petroli iliyozidi hewa, na utando wa oili ulionyesha pete za pistoni zilizokwisha. Masizi yakiwa kwenye plagi zote, lawama iliangukia chujio la hewa lililozibwa na vumbi au kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani hutoa petroli nyingi mno ikifika Dodoma, na dawa yake ilikuwa kurekebisha mchanganyiko au kuweka jeti, yaani kijitundu kinachopima petroli, yenye tundu dogo zaidi. Kwa gari la dizeli dalili ilikuwa moshi mweusi, na hapo baada ya chujio zilipimwa nozeli, ambazo hurushia mafuta ndani ya silinda.

Baada ya injini ilifuata miguu ya gari. Kila gurudumu liliinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, kwa maana breki inayoshika au beringi iliyokauka hula mafuta bila kutoa moshi wowote, na upepo wa matairi ulipimwa kulingana na mzigo. Hata hivyo, mazoea mengine yalidhuru. Mafundi wengi waling'oa thamostati, mlango mdogo unaozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto, wakidhani wanaikinga na joto la nchi, ilhali injini inayofanya kazi ikiwa baridi huongeza ulaji wa mafuta.

Kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yalileta mfumo ambao kompyuta hupima hewa na kuamua kiasi cha petroli, hivyo tatizo la mwinuko likapungua. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia Dodoma, na mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ikazinduliwa. Mafuta, hata hivyo, hayakuwa rahisi: bei kikomo zinazotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hujumuisha gharama za usafirishaji, kwa hiyo lita moja Dodoma huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam. Makosa ya zamani nayo yalibaki kwa sura mpya, kwani kompyuta ya gari lililong'olewa thamostati husoma kuwa injini bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari imefupisha kazi ya fundi, lakini haioni tairi lililopungua upepo wala breki iliyoshika. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vinapaswa kufundisha utaratibu uliojengwa katika miaka ya uhaba sambamba na matumizi ya mashine hiyo, na mwenye pikapu naye ajaze tangi, aandike kilomita, ajaze tena na kupiga hesabu kabla ya kununua kipuri chochote.