Moshi Hautoweki

Ndugu mkulima, ukichoma mabua, moshi hupanda ukapotea machoni. Je, umekwisha? La, hasha!

Mwaka 1852 mwanakemia Robert Angus Smith aliandika kwamba mvua ya Manchester, Uingereza, ilikuwa na asidi itokanayo na salfa ya moshi wa makaa ya mawe. Karne iliyofuata viwanda vikajengewa mabomba marefu ya moshi. Majirani wakapumua, lakini upepo ukaubeba moshi hadi Norway na Sweden. Ukashuka na mvua, samaki wakafa maziwani. Ndipo mwaka 1979 nchi nyingi zikatia sahihi mkataba mjini Geneva.

Basi, moshi wako nao huondoka na naitrojeni na salfa ya shamba. Usichome mabua, yatandaze, yaoze, yakurutubishie udongo.